Wingu Lisigeuke Moshi: Mwongozo wa Kutengeneza Anga Halisi kwa Blender

Wanaojifunza Blender, programu ya kuchonga vitu na kutengeneza picha za 3D, wananiuliza swali lilelile, linabadilika maneno tu: "Kaka, mbona wingu langu linatoka jeusi kama moshi wa tairi?" Mwingine ananitumia picha ya mlima aliouchonga kwa wiki 2, kila jiwe limekaa mahali pake, halafu juu yake ananing'iniza vipande vya pamba. Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo nayaweka yote mahali pamoja, ukifuata kwa utaratibu utafika.

Nadharia ni moja tu, na naomba uishike. Wingu ni matone madogo sana ya maji. Matone hayo hayanywi mwanga, yanaurusha. Mwanga ukiingia ndani hupigwa huku na kule mara nyingi kabla haujatoka, na ndiyo maana wingu ni jeupe. Blender inapofunguliwa mara ya kwanza, mwanga umekatazwa kurukaruka ndani ya wingu. Karibu kila tatizo ninaloulizwa linaanzia hapo.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Blender 4.2. Ni ya bure. Nimeandika kwa toleo hili kwa sababu lilitolewa likiwa la kudumishwa muda mrefu (LTS). Kwenye matoleo mapya zaidi vitufe vichache vimebadilika jina au mahali.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwenda juu. GB 16 ni raha zaidi. Kadi ya michoro inaharakisha kazi, lakini hata bila hiyo Cycles, injini ya Blender ya kurenda (kukokotoa mwanga na kutoa picha), inafanya kazi kwa prosesa, taratibu tu.
- Mandhari ya chini: vilima, bahari, hata uwanda mtupu. Bila kitu cha chini hutajua kama anga ni kubwa au ndogo.
- Picha 3 au 4 za anga ulizopiga mwenyewe kwa simu, ukiandika saa na upande uliokuwa unatazama. Usizichukue mtandaoni. Picha yako unaikumbuka: upepo ulitoka wapi, jua lilikuwa begani au usoni.

Mimi hapa nitatumia picha niliyopiga kwenye kivuko cha Kigamboni, saa 11 jioni, nikitazama kaskazini, jua likiwa mkono wa kushoto. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini ili usipotee.

Hatua ya 1: Panga vipimo

Wingu fungu la kawaida, lile linaloota mchana kama koliflawa, lina upana wa mamia ya mita hadi kilomita na zaidi. Ukilijenga kwa mita kamili, Blender inaanza kusumbua: kamera haioni mbali, na kuzunguka kwenye skrini kunakuwa kuzito. Mimi nafanya mita 1 ya Blender iwe mita 100 za kweli. Kwa hiyo wingu la kilomita 1 ni mita 10, na kitako chake kikiwa mita 700 juu ya ardhi, kiweke kwenye 7.

Chagua kamera, kwenye mipangilio yake tafuta Clip End, uweke 2000. Fanya hivyo pia kwenye View ya dirisha la kazi, kwa kubonyeza N. Ukisahau, mawingu ya mbali yatakatwa kama kwa kisu na utadhani umeyafuta.

Hatua ya 2: Jua kwanza, mawingu baadaye

Wengi wanaanza na mawingu. Usifanye hivyo. Wingu halina sura yake lenyewe, sura yake ni namna jua linavyolipiga. Jua likiwa mahali pasipofaa utahangaika na umbo ambalo halina kosa.

1. Kwenye Render Properties chagua Cycles.
2. Fungua Shader Editor, juu kushoto badilisha Object iwe World.
3. Bonyeza Shift+A, tafuta Sky Texture, iunganishe na Color ya Background. Aina yake iwe Nishita.
4. Kwenye Background, punguza Strength iwe 0.1. Nishita inatoa jua lenye nguvu karibu na la kweli, ukiiacha 1.0 picha nzima itakuwa nyeupe.
5. Kwenye Color Management hakikisha View Transform ni AgX. Hii inazuia kingo za mawingu kuungua na kuwa bapa.

Sasa weka Sun Elevation, yaani nyuzi za jua kutoka upeo wa macho. Hapa wengi wanabahatisha, na sisi wa karibu na Ikweta tunakosea kwa kuiga mafunzo ya watu wa Ulaya, ambao jua lao linakaa chini kwa saa nyingi. Letu linapanda moja kwa moja na kuzama moja kwa moja. Kwa Dar es Salaam, mwezi Machi au Septemba, saa 3 asubuhi jua liko kama nyuzi 40, saa 6 mchana liko karibu utosini, saa 11 jioni kama nyuzi 20, na saa 12 jioni zimebaki nyuzi 5 hivi. Mwezi Juni, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, kama nyuzi 60. Kwa picha yangu ya kivuko naweka 20.

Zungusha Sun Rotation mpaka vivuli vya ardhini vitoke kushoto kwenda kulia. Jua la ubavuni ndilo linalochonga wingu: upande mmoja mweupe, mwingine wa kijivu, katikati mikunjo inaonekana. Jua likiwa mgongoni mwa kamera, wingu linakuwa bapa kama karatasi. Likiwa mbele, kingo zinawaka vizuri mno, ila unahitaji kompyuta yenye nguvu na subira.

Altitude ni mwinuko wa mahali ulipo: Dar weka 10, Nairobi weka 1700. Dust ni vumbi na unyevu wa hewani. Pwani wakati wa joto naweka 2 au 3, na upeo wa macho unafifia kama unavyofifia kweli baharini. Air na Ozone ziache kwenye 1.

Onyo: usiongeze taa ya Sun juu ya hapo. Nishita tayari ina jua lake, alama ya Sun Disc ikiwa imewekwa. Ukiongeza jingine kila mti utakuwa na vivuli 2, na jicho la mtazamaji litakataa picha hata kama hajui kwa nini.

Hatua ya 3: Jenga umbo la wingu

Tazama picha yako kabla hujagusa kipanya. Kwenye ile yangu, kitu cha kwanza kinachoonekana ni kwamba vitako vya mawingu ni tambarare, na vyote viko kwenye kimo kimoja, kana kwamba vimekaa juu ya kioo. Sababu ni kwamba hewa inayopanda hupoa, na ikifika kimo fulani unyevu wake hugeuka matone. Chini ya kimo hicho hakuna wingu. Juu yake hewa inaendelea kusukuma, ndipo yanapotokea yale mabonge.

1. Ongeza Ico Sphere moja, uitandaze iwe pana. Hiyo ni kitako.
2. Nakili kwa Shift+D, ongeza tufe 6 hadi 10 za ukubwa tofauti juu yake. Kubwa katikati, ndogo pembeni na juu. Usizipange kwa ulinganifu. Wingu huegemea upande upepo unakokwenda.
3. Zichague zote, Ctrl+J kuziunganisha. Weka modifaya ya Remesh, aina Voxel, kisha ikubali kwa Apply.
4. Ingia Edit Mode, chagua nukta zote za chini, zibane kwa S, Z, 0 ili kitako kiwe tambarare.
5. Sasa Shift+A, Volume, Empty. Volume ni kitu kisicho na ngozi, cha kuwakilisha moshi, ukungu au wingu. Kwenye kitu hiki kipya weka modifaya ya Mesh to Volume, na kwenye Object chagua ule umbo wako.
6. Voxel Amount, yaani wingi wa vijisanduku vinavyounda Volume, inakuja ikiwa 32, ambayo ni ndogo sana. Anza na 100 wakati wa majaribio, panda hadi 250 mwishoni. Uwe makini: ukiizidisha mara 2, kumbukumbu inayotumika inapanda karibu mara 8.
7. Interior Band Width ndiyo inayoamua ukingo uwe laini kiasi gani. Iongeze mpaka ukingo ufifie badala ya kukatika.
8. Ongeza Volume Displace mara 2, kila moja na tekscha ya aina ya Clouds. Ya kwanza ukubwa 2, Strength 1.5, kwa mabonge makubwa. Ya pili ukubwa 0.4, Strength 0.4, kwa nyuzinyuzi za kingoni. Kitako kikianza kuharibika, punguza ya kwanza.
9. Ule umbo wa mwanzo uzimie alama ya kamera kwenye orodha ya vitu, ama utatokea kwenye picha kama yai la plastiki ndani ya wingu.

Usiharakishe hapa. Wingu moja lililokaa vizuri linakufaa zaidi ya ishirini ya haraka.

Hatua ya 4: Rangi na uzito

Chagua Volume yako, ipe materiali mpya. Kwenye Shader Editor (rudisha World iwe Object) hakikisha kuna Principled Volume iliyounganishwa kwenye tundu la Volume. Kama kuna Principled BSDF, ifute.

Halafu:

- Color: inakuja ikiwa kijivu cha 0.5. Ipandishe hadi 0.99. Kijivu hicho maana yake kila mwanga unaporuka, nusu yake inamezwa. Hilo ni kosa la pili kwa ukubwa kati ya yote ninayoyaona.
- Density: kwa kipimo chetu anza na 4. Wingu la mavundevunde, lile lililomegeka na kuona bluu katikati, weka 1 au 2. Wingu zito la masika, 8 hadi 10.
- Anisotropy: matone ya maji hurusha mwanga zaidi kwenda mbele kuliko nyuma. Weka 0.7. Kompyuta ikiwa dhaifu, shusha hadi 0.4, wingu litakuwa jeupe kwa miruko michache.

Hatua ya 5: Ruhusu mwanga urukeruke

Hapa ndipo wingu linapozaliwa, kwa hiyo twende polepole.

Nenda Render Properties, fungua Light Paths, kisha Max Bounces. Utaona Total ni 12, na chini zaidi kwenye orodha Volume ni 0. Sifuri. Mwanga unaingia kwenye wingu, unarushwa mara moja kuja kwenye kamera, basi. Uliorushwa kwenda kwingine wote unatupwa.

Fanya jaribio hili, litakufundisha kuliko maelezo yangu. Bonyeza Ctrl+B ukiwa kwenye mwonekano wa kamera, zungushia wingu moja ili irende hapo tu. Ukiwa na Volume 0, utaona upande wa jua una ngozi nyembamba ya kijivu, na upande wa pili ni masizi matupu. Mikunjo ni mashimo meusi. Weka 2: masizi yanageuka kijivu cha risasi. Weka 6: mikunjo inaanza kujaa mwanga kutoka ndani, kama taa ya chemli iliyofunikwa kitambaa. Weka 16: upande wa jua unakuwa mweupe wa kuumiza macho, kivuli kinakuwa kijivu chenye bluu kidogo iliyotoka angani, na kitako kinapata rangi hafifu ya kile kilicho chini yake. Mimi kwenye wingu la kivuko nilipofika 16, nilifungua picha ya simu pembeni na nikanyamaza. Zilifanana.

Total nayo lazima iwe sawa na Volume au zaidi. Ukiweka Volume 16 na Total ikabaki 12, utapata 12 tu. Kupita 32 sioni faida kwa kazi za kawaida, na muda unaongezeka sana.

Hatua ya 6: Tawanya mawingu angani

Usinakili Volume yenyewe mara 20, kompyuta itazimia. Chagua wingu na umbo lake, bonyeza M, vitie kwenye kolekisheni mpya. Kisha Shift+A, Collection Instance. Nakala hizi zinatumia kumbukumbu ya wingu la kwanza. Tengeneza mawingu 3 tofauti kwa njia hii, yatakutosha kujaza anga: zungusha kwenye mhimili wa Z, badilisha ukubwa kati ya 0.6 na 1.5. Usiyapindue juu chini, na vitako vyote viwe kwenye kimo kilekile cha 7.

Mpangilio ndio unaoleta umbali. Wingu la juu ya kichwa linaonyesha kitako. La mbali linaonyesha ubavu. Kadiri yanavyoelekea upeo wa macho yanabanana, yanafunikana, hadi yanakuwa mstari mmoja. Wanaoanza hupanga mawingu kama maembe sokoni, yote yana nafasi sawa, na anga inakuwa fupi kama dari.

Na tazama yanakoota. Pwani, mchana upepo wa bahari ukishaanza, mafungu huota zaidi juu ya nchi kavu, na juu ya bahari anga inabaki wazi. Picha yangu iko hivyo: kushoto kwenye mji mawingu yamejaa, kulia baharini ni matupu. Mchoro wenye mawingu mazito yaliyosambaa sawasawa baharini saa 9 alasiri, mvuvi yeyote atauangalia na kuuliza hii ni wapi.

Yale mawingu ya juu sana, membamba kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa, usiyajenge kwa Volume. Chukua picha ya anga ya nyuzi 360 kutoka tovuti ya Poly Haven, ambako kila kitu ni cha bure na ruhusa kamili, uichanganye kidogo kwenye World. Na ukitaka kuona wingu lililotengenezwa na mafundi wakubwa, studio ya katuni ya Walt Disney ilitoa wingu lake la faili ya VDB (aina ya faili ya kuhifadhia Volume) mwaka 2018, kwa leseni ya Creative Commons. Lipo kwa ukubwa tofauti. Chukua lile dogo kwanza, lile zima litaimaliza RAM yako.

Hatua ya 7: Ukungu wa mbali

Vilima vya mbali vikiwa na rangi kali kama vya karibu, anga nzuri haitakusaidia. Ongeza boksi pana linalofunika ardhi yote na kamera ikiwa ndani, juu lake lisipite 5, chini ya mawingu. Kwenye materiali yake futa Principled BSDF, kisha kwenye tundu la Volume unganisha Volume Scatter yenye Density 0.015. Kwa kipimo chetu hiyo ni hewa ya kuona kilomita kama 26. Kwenye mipangilio ya materiali weka alama kwenye Homogeneous, itarenda haraka zaidi.

Hatua ya 8: Renda

Sampuli 256 kwa majaribio, 512 kwa kazi ya mwisho, Denoise (kisafisha chengachenga) ikiwa imewashwa. Usitegemee Denoise kwenye sampuli 30. Inakula zile nyuzinyuzi za kingoni ulizozihangaikia na kukuachia wingu la mafuta. Hifadhi kwa PNG ya biti 16 au OpenEXR. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na bluu ya anga inayofifia taratibu itaonyesha mistari. Kama unatengeneza video, renda fremu mojamoja za picha, usirende faili ya video moja kwa moja. Umeme ulinikatikia kwenye fremu ya 180 kati ya 240, nikapoteza usiku mzima.

Ukikwama

*Wingu ni jeusi au la kijivu.* Volume bounces, kisha Color, kisha Total. Kwa mpangilio huo.

*Halionekani kabisa.* Uko kwenye mwonekano wa Solid, au materiali umeiweka kwenye umbo badala ya Volume, au Clip End ni fupi.

*Linafanana na pamba au jiwe.* Ukingo ni mgumu. Ongeza Interior Band Width, punguza Density, ongeza Strength ya Volume Displace ya pili.

*Chengachenga nyeupe zinametameta.* Weka Clamp Indirect kwenye 5, ongeza sampuli. Ukishusha sana Clamp wingu linafifia.

*Blender inajifunga yenyewe.* Kumbukumbu imeisha. Shusha Voxel Amount kwanza, usikimbilie kupunguza sampuli, hazihusiki.

*Kivuli cha wingu hakipo ardhini.* Kipo, ila si pale unapotafuta. Jua likiwa nyuzi 20, wingu la kimo cha 7 linatupa kivuli chake mita 19 pembeni, yaani karibu kilomita 2 za kweli. Ukitaka kivuli kwenye kilima fulani, sogeza wingu upande wa jua kwa kiasi hicho, hata kama litatoka nje ya picha.

*Anga ya jioni haina wekundu.* Elevation bado ni kubwa. Shusha hadi 3 au chini yake, kisha ongeza Strength kidogo, maana mwanga umepungua. Kwenye anga ya kweli, mawingu ya juu hushika wekundu baada ya yale ya chini kuingia kivulini.